Kuchonga Mwiko na Kinu, na Kuvitunza

Nyumba nyingi za wakulima hununua mwiko mpya kila mwaka, na kila mwaka hupasuka. Wenyewe husema, mti ulikuwa mbaya. Mara nyingi si hivyo: mti ulikuwa mwema, ila ulichongwa vibaya au ulikaushwa kwa haraka. Mkulima mwenye shoka, tezo na kisu kikali, naye ana mwembe mzee usiozaa tena, aweza kujichongea vyombo vitakavyodumu miaka mingi.

Kwanza chagua mti. Mwembe, mfenesi na mchungwa yafaa sana. Mnyaa usiuguse, maana utomvu wake huunguza macho. Mvule ni mti imara, lakini vumbi lake huwasha pua na ngozi. Tena mti wowote wa msituni usikatwe pasipo kibali cha afisa wa misitu.

Mwiko huchongwa mti ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu kwa kisu. Gogo usilikate mbao kwa msumeno, bali lipasue kwa shoka na kabari. Sababu yake ni hii: mti una nyuzi zielekeazo juu, kama nyuzi za katani. Shoka hufuata nyuzi hizo, lakini msumeno huzikata. Na mpini wa mwiko uliokatwa nyuzi huvunjika siku ya kwanza ya kusonga ugali wa watu wengi. Ondoa kiini cha katikati kabisa, kwa maana nyufa huanzia hapo. Ikiwa mti una rangi mbili, tumia sehemu ya ndani iliyoiva. Ile nyeupe ya nje ina wanga, na bungua huipenda.

Chonga mwiko unene uzidi kidogo, kisha uufukie katika vinyweleo vya mti uliouchonga, ndani ya gunia, mahali penye kivuli, kwa muda wa majuma mawili au matatu. Usiuanike juani wala usiutundike juu ya meko. Upande wa nje ukikauka mbele ya ndani, hujivuta na kupasuka. Kinu nacho ni vivyo hivyo, ila chahitaji miezi, nacho hupakwa udongo au kinyesi cha ng'ombe kwenye ncha zake mbili, ambapo maji hutoka upesi zaidi. Kikikauka, udongo huo husuguliwa na kuoshwa kabisa.

Ukisha kukauka, uulainishe kwa majani ya msasa, ambayo wazee waliyatumia kabla ya karatasi ya dukani. Paka mafuta ya nazi au ya ufuta kidogo sana, ufute yaliyobaki. Mafuta ya mbono yasitumike, maana huharisha.

Sasa utunzaji, na hapa ndipo penye hatari. Mwiko usilale ndani ya maji usiku kucha. Uoshwe kwa maji ya moto, usimamishwe penye upepo. Kinu kisiachwe na mabaki ya karanga au mahindi mabichi, kwani mabaki yenye unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Kenya, katika nchi za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Maafa yale yalitokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, wala si vinu; lakini ni sumu ile ile. Basi kila utwangapo, kwangua kinu, kioshe, kigeuze kinywa chini juu ya mawe mawili ili hewa ipite.

Nyufa ndogo zikitokea ndani ya kinu, zikwanguliwe kwa tezo mpaka ufike kwenye mti mzima. Mwiko uliopasuka usiufunge kwa waya. Upasue uwe kuni, ukachonge mwingine.