Kulala na Mashine ya Kupumulia: Maswali Kutoka Mombo na Milimani

Mtu anayekatikiwa na pumzi usingizini mara nyingi hajijui. Anayejua ni anayelala pembeni yake, ndiyo maana baadhi ya maswali ya safari hii yameandikwa na wake wa wagonjwa, na mengine na wagonjwa wenyewe. Yametoka Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoachana na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na mengine yametoka Soni na Lushoto mjini. Karibu wote wanaouliza wameshapimwa hospitali na mashine iko nyumbani. Kinachowashinda ni kuizoea.

Daktari, shikamoo. Mume wangu ni dereva wa lori. Alipimwa akaambiwa pumzi zinakatika usingizini, akapewa mashine. Alivaa siku chache tu, sasa iko juu ya kabati. Anasema haumwi, anakoroma tu kama baba yake. Nimwambieje? (Mama, Mombo)

Marahaba, mama. Kwanza ujue ugonjwa wenyewe ili uweze kumweleza bila ugomvi. Misuli ya koo hulegea sote tunapolala. Kwa baadhi yetu, hasa wenye shingo nene, uzito mkubwa au taya dogo, njia ya hewa hujifunga kama mpira wa kumwagilia mboga uliokanyagwa. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi tunaihesabu. Mwisho ubongo unashtuka, mtu anakoroma kwa kishindo, anavuta hewa, kisha mchezo unaanza upya. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 29 ni wa kati, na kuanzia 30 ni mkali. Mara 30 kwa saa maana yake anashtuliwa kila baada ya dakika mbili usiku kucha, na asubuhi hakumbuki hata mara moja. Wengine wakikumbuka husema wamekabwa na jinamizi.

Mwili unalipa. Shinikizo la damu linapanda na kukataa kushuka hata kwa dawa, moyo unaweza kuanza kudunda ovyo, hatari ya kiharusi inaongezeka, na mchana usingizi unamkuta mtu popote alipo. Kwa dereva, popote ni pamoja na kwenye usukani.

Usibishane naye kuhusu kukoroma. Usiku mmoja mrekodi kwa simu dakika tano, picha na sauti, pale pumzi inapokatika. Mwonyeshe mchana akiwa ametulia, mkiwa wawili, bila ndugu wala majirani. Nimeona wanaume wagumu wakinyamaza baada ya kujiona wenyewe wakihangaika kutafuta hewa.

Tena mwambie kwamba hakupewa oksijeni wala hajawekwa kwenye mashine ya mahututi. Wengi wanaiogopa kwa sababu hiyo, hasa baada ya yale tuliyoyaona wakati wa UVIKO-19. Hii mashine, ambayo hospitali tunaiita CPAP, inavuta hewa ileile ya chumbani na kuisukuma kwa nguvu ndogo ili koo libaki wazi. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida kati ya 4 na 20. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliyeitangaza njia hii mwaka 1981, alianza na mota ya mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ili isukume hewa.

Nikivaa barakoa nahisi nakufa. Moyo unakwenda mbio, naivua kabla ya dakika kumi. Je, kuna watu ambao mashine hii haiwafai? (Mwalimu mstaafu, Soni)

Mwalimu wangu, wapo wachache, lakini wanaosema hivyo usiku wa kwanza ni wengi, na wengi wao baadaye hulala nayo vizuri. Kosa ni kuivaa mara ya kwanza usiku, taa zimezimwa, mtu amechoka na ana wasiwasi. Hapo unaufundisha mwili wako kuiogopa.

Anza mchana. Kaa kwenye kiti, mashine imezimwa, shikilia barakoa usoni kwa mkono wako mwenyewe bila kufunga mikanda. Ukitaka kuitoa, itoe. Rudia hadi uone haikusumbui. Kisha iwashe, uendelee kuishika kwa mkono. Utahisi hewa inakusukuma. Usishindane nayo, funga mdomo, pumua kwa pua, na toa pumzi polepole. Ukiweza hilo, funga mikanda ukae nayo wakati wa taarifa ya habari. Baada ya hapo lala nayo usingizi mfupi wa mchana. Usiku uje mwishoni. Kuna anayemaliza hatua hizi kwa siku tatu, na kuna anayehitaji wiki tatu. Wote wawili wako sawa.

Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza taratibu: hewa inaanza kidogo na kupanda ukishasinzia. Mwombe aliyekupa mashine akuonyeshe, kwa sababu watu wengi huondoka hospitali bila kujua kipo. Na kama unahisi hewa *haitoshi*, mwambie pia, maana huenda hatua ya kuanzia imewekwa chini mno.

Ukiamka saa nane usiku ukajikuta umeivua, ivae tena. Watafiti wengi huhesabu saa 4 kwa usiku kuwa matumizi ya kuridhisha, lakini usiridhike na hapo. Usingizi wa ndoto hujazana kuelekea alfajiri, na kwa watu wengi ndipo koo linapolegea zaidi. Anayevua saa nane anaacha kinga wakati anaihitaji kuliko wakati wote.

Asubuhi mdomo umekauka, tumbo limejaa gesi, na hapa juu ya pua pametoka kidonda. (Fundi cherehani, Mombo)

Pole, dada. Mambo hayo matatu, kila moja lina mzizi wake.

Kidonda kinatokana na barakoa isiyokukaa vizuri na kukaza mikanda. Hewa inavuja, mtu anakaza. Inavuja tena, anakaza zaidi. Fanya kinyume. Lala chali kitandani, washa mashine, legeza mikanda yote, kisha inua barakoa kidogo kutoka usoni ili ule mpira wake laini ujae hewa, uirudishe taratibu na kukaza kiasi tu cha kuzuia kuvuja. Pima ukiwa umelala, kwa sababu uso wa aliyelala si sawa na wa aliyekaa. Osha uso kwanza. Mafuta ya kujipaka, Vaseline hasa, hufanya barakoa iteleze na huharibu ule mpira. Kama umesuka nywele nene, mikanda inapanda usiku. Funga kitambaa chepesi kichwani kwanza, kisha mikanda juu yake. Mwenye ndevu atavujisha hewa hadi apate aina inayokaa puani tu.

Mdomo kukauka maana yake unaufungua usingizini. Mara nyingi chanzo ni pua iliyoziba. Isafishe kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na kama mafua ya mzio hayaishi, daktari wa pua atakupa dawa ya kupuliza. Ikishindikana, omba barakoa inayofunika pua na mdomo. Gesi tumboni ni hewa unayoimeza. Kuinua mto kidogo husaidia, lakini ikizidi rudi hospitali mashine ipimwe upya. Usiishushe nguvu mwenyewe.

Umeme ukikatika katikati ya usiku, nitakosa hewa? (Mkulima, Mombo)

Hapana. Barakoa ina matundu ya kutolea pumzi, na zile zinazofunika pua na mdomo zina kilango kinachofunguka mashine ikizimika. Utaamka kwa joto au kwa kukoroma kwako mwenyewe. Ivue ulale kwa ubavu, si chali.

Umeme ukikatika mara kwa mara, nunua betri. Kinachokula umeme mwingi ni kisanduku cha maji kinachopashwa moto ili kuipa hewa unyevu. Ukikizima, mashine nyingi hutumia chini ya wati 30. Betri ya sola ya volti 12 yenye ukubwa wa Ah 50 ina wati-saa 600. Ukitumia nusu ili isife mapema, unabaki na 300, na usiku wa saa 8 hauzidi 240. Angalia tu volti za mashine yako, kwa sababu kuna zinazotaka 24 na zinahitaji kifaa chake cha kubadilishia. Umeme wa ukutani uupitishe kwenye kilinda umeme kama kile cha friji, maana unaporudi kwa kishindo ndipo mashine zinapoungua.

Tunalala ndani ya chandarua. Ule mpira wa hewa tuupitishe wapi? Mume wangu anataka kukata tundu. (Mama, Mombo)

Asikate! Mombo iko bondeni, karibu mita 400 tu juu ya usawa wa bahari, na malaria ipo. Weka mashine kwenye stuli upande wa kichwani, chini kidogo ya usawa wa godoro lakini si sakafuni, kwani sakafuni inavuta vumbi. Inua pindo la chandarua hapo kichwani, ingiza mpira, kisha chomeka chandarua chini ya godoro pande zote hadi pindo liubane mpira. Acha mpira wa kutosha ndani ili mgonjwa ageuke bila kuivuta barakoa.

Na tafadhali, dawa ya mbu ya kuchoma isiwake chumba hicho, wala jiko la mkaa. Kichujio cha mashine kinazuia vumbi. Moshi kinaupitisha, nao unaenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kila wiki tazama kichujio. Kipindi cha kiangazi, barabarani Mombo, kichujio kinageuka kijivu upesi, hivyo kibadilishe kila mwezi au kabla.

Mimi naishi Lushoto, Juni na Julai baridi kali. Maji yanajaa kwenye mpira, yananirukia usoni. (Mzee, Lushoto)

Mzee wangu, shikamoo. Hewa inatoka kwenye kisanduku ikiwa vuguvugu na unyevu, inapita kwenye mpira uliopoa, na unyevu unageuka matone. Upitishe mpira chini ya blanketi, au uvishe soksi ndefu ya kitambaa. Mashine iwe chini kuliko kichwa chako ili matone yarudi kwenye kisanduku. Punguza joto la maji hatua moja. Ndugu zako wa Mombo hawana shida hii; wengi wao wanaweza kuzima kisanduku kabisa na bado koo lisikauke.

Kuhusu kupanda na kushuka mlima, Lushoto iko karibu mita 1,400, na mashine za siku hizi hujirekebisha zenyewe kwa kimo hicho. Za zamani sana huhitaji kurekebishwa kwa mkono.

Maji ya kisandukuni yawe yaliyokenekwa, yaani mvuke uliorudishwa kuwa maji; uliza duka la dawa. Ukikosa, maji ya chupa yatakuvusha siku chache, ila huacha ukoko mweupe. Maji ya betri usiweke. Mwaga yaliyobaki kila asubuhi. Barakoa na mpira vioshe kwa sabuni laini kila wiki, uanike kivulini. Usitumie Jik.

Mpwa wangu yuko Marekani, anataka kunitumia mashine iliyotumika. Niipokee? (Msomaji, Soni)

Inategemea, na naomba usiharakishe. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili mwaka huo, ikiwemo DreamStation ya kwanza. Sponji ya ndani ya kupunguza sauti ilikuwa inaweza kusagika na kuingia kwenye njia ya hewa, au kutoa gesi zenye madhara. Mashine za namna hiyo zikiuzwa mitumba zinaweza kufika popote. Mpwa aangalie namba ya mashine kwa mtengenezaji kabla ya kuituma. Ikiwa salama, barakoa, mpira na kichujio viwe vipya, na hospitali iipange upya kwa nguvu yako wewe. Kipimo cha mtu mwingine hakikufai.

Mimi ndiye dereva mwenyewe. Nikiitumia, naweza kuendesha lini? Mirungi imenisaidia miaka yote. (Dereva wa basi)

Kaka, mirungi inafukuza usingizi, pumzi inaendelea kukatika vilevile. Tena ni kosa kisheria hapa Tanzania. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, suala la madereva wanaosinzia linanikosesha raha kuliko mengine yote ya ukurasa huu.

Kama unasinzia ukiwa umekaa, simama kuendesha hadi ulale na mashine usiku mzima kwa siku mfululizo, kusinzia kusiwepo, na daktari asome kumbukumbu zilizo ndani ya mashine. Zinaonyesha ulivaa saa ngapi na pumzi zilikatika mara ngapi, kwa hiyo mpelekee mashine yenyewe. Wengi huona nafuu ndani ya wiki chache. Ibebe safarini, na ukilala gesti mchana baada ya zamu ya usiku, ivae mchana huohuo. Bia, pombe ya miwa na vidonge vya usingizi hulegeza koo zaidi, viache.

Nikipungua uzito nitaiacha? (Mama, Lushoto)

Huenda. Kupungua kunaweza kupunguza ugonjwa sana, na kwa wengine kuumaliza, lakini pimwa tena ukiwa umepungua kabla hujaiweka kabatini. Na kabla ya hapo, ukilazwa kwa upasuaji wa aina yoyote, hata wa kujifungua, nenda na mashine yako, umwambie mapema mtaalamu wa nusukaputi kwamba unaitumia.