SAUTI YA NYUNDO MACHIMBONI
Somo la vikundi vya Biblia vya majumbani

Masomo: 1 Wafalme 5:13–18, 6:7, 12:1–18, Kumbukumbu la Torati 24:14–15.



Twajua sote kwamba Sulemani alimjengea Mungu nyumba. Lakini sura ya 6, mstari wa 7, inatupa habari ambayo wengi huipita haraka: mawe yalichongwa kabisa huko machimboni, kwa hiyo mahali pa kujengea palikuwa kimya. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwaeleza wanachuo kwamba ukimya ule ulikuwa wa heshima. Nadhani sikukosea. Lakini sasa nimestaafu, na nyumba yangu iko karibu na mlima wa wapasua kokoto. Huamka kwa sauti ya nyundo, nami nimejifunza kuuliza swali la pili: ile kelele ya hekalu ilikwenda wapi?

1. Kelele ilibaki machimboni

Sulemani alitoza shokoa ya watu 30,000. Tena alikuwa na wachukuzi 70,000 na wachongaji 80,000 milimani. Alipokufa, watu walimwomba mwanawe Rehoboamu awapunguzie mzigo, naye akawajibu kwa ukali. Ndipo ufalme ukagawanyika, na Adoramu, msimamizi wa shokoa, akauawa kwa kupigwa mawe. Nyumba ilijengwa kimya, lakini kilio cha waliochoka kilifika mjini baadaye.

2. Mawe katika parishi za Uingereza

Huko Uingereza zamani parishi haikuwa ya ibada tu. Ilitunza pia barabara na maskini. Sheria ya mwaka 1555 iliagiza kila parishi ichague wasimamizi wa barabara, na wakazi wake wafanye kazi siku nne kila mwaka bila malipo. Baadaye zikawa siku sita. Mawe na kokoto zilihitajika sana. Kwa sababu hiyo, ardhi ya pamoja ilipogawanywa katika karne ya 18 na ya 19, mara nyingi kipande kiliachwa kiwe machimbo ya parishi. Shokoa hiyo ya barabara ilikomeshwa mwaka 1835.

Mwashi aliyechonga mawe ya kanisa aliheshimiwa. Aliyevunja kokoto hakuheshimiwa hivyo. Baada ya sheria ya maskini ya mwaka 1834, mtu asiye na kazi aliyeomba msaada aliweza kupewa nyundo na rundo la mawe, ili ionekane kama kweli ana shida. Kazi ya mikono ikageuzwa kuwa aibu.

Liko pia jambo la kutia moyo. Parishi ya Barnack, karibu na mji wa Peterborough, ilitoa mawe mazuri yaliyojenga makanisa makuu ya Peterborough na Ely. Kufikia mwaka 1500 hivi mawe mazuri yalikuwa yamekwisha. Mashimo yake yaliota majani, na leo ni hifadhi ya maua ya porini. Basi, machimbo yaweza kupona, ila huchukua muda na kutaka uangalizi.

3. Mawe kwetu

Kanisa letu Anglikana lina historia yake ya mawe. Huko Zanzibar, mahali palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi la Kanisa Kuu liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi mwenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na paa lake la kuba ni la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji.

Hapa Ugogo wazee wetu walijenga tembe kwa miti na udongo. Jiwe walilolithamini sana ni lile la kusagia uwele na mtama. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, kokoto zikahitajika. Mwaka 1973 ikaamuliwa Dodoma iwe makao makuu. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Kila nguzo ya zege mnayoiona ina kokoto ndani yake.

Mawe yetu mengi ni itale, ambayo watu huiita granaiti. Mpasuaji asiye na baruti wala mashine huwasha moto juu ya mwamba. Tabaka la juu hupata joto na kutanuka kuliko la chini, nalo hubanduka. Kisha hutumia mtaimbo na nyundo kubwa, na mwishowe nyundo ndogo, jiwe kwa jiwe. Wengi wa hao wa mwisho ni akina mama.

4. Kosa langu

Miaka iliyopita nilikuwa katika kamati ya ujenzi ya parishi moja. Mama mmoja mjane alitutajia bei ya rundo lake la kokoto. Nikamwambia, "Mama, hii ni kazi ya Mungu, tupunguzie." Akapunguza. Nikasema tena, akapunguza tena. Kikaoni nikasifiwa kwa kuokoa fedha za Kanisa. Sikumwuliza rundo lile lilimchukua siku ngapi, wala kama alikuwa amekula. Jengo lile ni imara, lakini kila niingiapo nalikumbuka rundo lile. Si Mungu aliyepunguziwa bei. Ni mimi niliyelitumia jina lake.

5. Tufanye nini?

Kwanza, malipo. Torati yaagiza maskini alipwe siku ile ile, kabla ya jua kuchwa. Kabla kamati haijapanga bei, mjumbe mmoja aende machimboni, aone kazi, aulize siku.

Pili, vumbi. Vumbi la itale lina chembe za kwazi zinazoharibu mapafu pole pole, na makovu yake hayaponi. Kulowesha mawe kwa maji hupunguza vumbi. Kitambaa cha kawaida puani hakitoshi.

Tatu, mashimo. Masika hujaa maji, na mtoto aweza kuzama. Shimo lililokwisha kutumika lizibwe au lizungushiwe uzio, na miti ipandwe.

Nne, sheria. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hata mawe ya kujengea ni madini na yanahitaji leseni. Wanaojua kusoma na kuandika wawasaidie wapasuaji kujaza fomu.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini watu wa Israeli walimlilia Rehoboamu, hali hekalu lilikuwa limekwisha?
2. Kokoto za kanisa lenu zilitoka wapi, na nani alizivunja?
3. Je, yuko mtu ambaye parishi yenu inapaswa kumrudia na kumlipa?

Mimi nilipomtafuta mama yule, niliambiwa alikwisha kuhama, na hapana aliyejua aliko. Ninyi msikawie.