Mlinzi Anapohamishwa: Kutoa Kifaa cha Kufuatilia Mtandao na Kukiweka Kwenye Mashine Pepe



Ndugu wasomaji, taasisi nyingi zina kisanduku kwenye chumba cha seva ambacho kazi yake ni moja: kuangalia mtandao usiku na mchana. Kinaziuliza ruta na swichi hali zao, kinapima data iliyopita, na kinatuma ujumbe kifaa kinapozimika. Kisanduku kikizeeka na vipuri vikikosekana, huamuliwa kazi yake ihamishiwe kwenye mashine pepe. Mimi nasomea mitandao, na nimeshiriki kazi hiyo wakati wa mafunzo ya vitendo. Somo langu kwenu ni hili: uhamisho huu ukiharibika, hauharibiki kwa kishindo. Mashine mpya inawaka, alama zote ni za kijani, kumbe mlinzi haoni tena.

Mashine pepe ni nini?

Ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Programu inayozigawia mashine hizo prosesa, kumbukumbu na diski huitwa haipavaiza. Wazo hili si geni; IBM ilikuwa nalo tangu miaka ya 1960. Kwenye Linux, KVM iliingizwa katika kiini cha mfumo mwaka 2007, na leo mwanafunzi anaweza kuijaribu kwenye laptopu yake bila malipo. Faida yake ni kwamba seva moja hubeba mashine nyingi, na umeme hutumika kidogo. Lakini mlinzi si mashine kama nyingine. Kabla ya kumhamisha, tuangalie mambo manne.

1. Macho yake

Kisanduku cha zamani huunganishwa kwa kebo na poti ya swichi inayonakili pakiti za poti nyingine. Mashine pepe haina kebo. Ina kadi pepe iliyounganishwa na swichi pepe, na swichi hiyo kwa kawaida huipa kila kadi pakiti zake tu. Kwenye VMware, ruhusa ya kadi kupokea pakiti zote huwa imefungwa mpaka uifungue mwenyewe. Ifungue kwa kundi la mlinzi peke yake, si kwa swichi nzima. Tena kebo ya nakala lazima iingie kwenye seva ileile inayobeba mashine hiyo. Haipavaiza ikiihamishia seva nyingine, kebo inabaki nyuma na mlinzi anabaki kipofu.

2. Saa yake

Mashine pepe inaweza kusimamishwa kidogo na kuendelea, na saa yake ikabaki nyuma. Tuseme katika sekunde 300 zimepita baiti 3,000,000,000. Hiyo ni megabiti 80 kwa sekunde. Saa ikihesabu sekunde 240 tu, jibu linakuwa megabiti 100. Mtandao haujabadilika, lakini mkuu wa idara anaweza kutia saini malipo ya intaneti zaidi kwa sababu ya grafu hiyo. Kwa hiyo mashine isawazishe saa yake kwa NTP, na uhakikishe hivyo kabla ya kuamini grafu yoyote.

3. Kumbukumbu yake

Programu nyingi za ufuatiliaji huhifadhi vipimo kwa RRDtool. Mafaili yake hufuata aina ya prosesa iliyoyaandika. Ukiyatoa kwenye mfumo wa biti 32 na kuyanakili tu kwenye wa biti 64, hayasomeki. Yatoe kwanza kama XML kwa amri ya dump, kisha yarudishe kwa restore. Usiseme "tutaanza upya". Bila grafu za mwaka jana, hutajua kama msongamano wa leo ni wa kawaida au ni dalili ya tatizo.

4. Mahali pake pa kulala

Ukimweka mlinzi ndani ya seva ileile anayoilinda, seva ikizimika wote wawili wanazimika, na hakuna wa kutoa habari. Kwenu mtaona ukimya, na mtaudhani ni usalama. Mpe seva nyingine yenye umeme wake, au weka kompyuta ndogo nje inayomuuliza kila dakika chache, "Upo?" Angalia pia njia ya ujumbe. Kama kisanduku kilikuwa na modemu ya USB ya kutuma SMS, mashine pepe nayo lazima ipewe modemu hiyo.

Siku ya kuhama

Maswali ya SNMP hupita kwenye poti 161 ya UDP, na taarifa ambazo vifaa hutuma vyenyewe huenda poti 162. UDP haina uthibitisho kwamba ujumbe umefika. Kifaa chenye anwani ya zamani kitaendelea kutuma taarifa kwenye kisanduku kilichozimwa, bila kulalamika. Kwa hiyo andika orodha ya vifaa vyote. Viendeshe vyote viwili kwa wiki kadhaa, kila kimoja na anwani yake, ukilinganisha grafu. Kisha, kwa ruhusa, chomoa kebo ya swichi isiyo na watumiaji na uhesabu dakika mpaka ujumbe ufike. Usipofika, usizime cha zamani.

Amana

Mlinzi huyu ana nywila za vifaa, na huenda ameona mawasiliano ya watu. Zamani, mwizi alihitaji kubeba kisanduku mlangoni. Sasa diski nzima ni faili, na mwenye haipavaiza anaweza kulinakili bila mtu kujua. Punguzeni wenye ruhusa hiyo, fungeni nakala rudufu kwa usimbaji, na futeni diski ya zamani kabla kisanduku hakijauzwa. Mawasiliano ya watu ni amana hata pale wenyewe wasipojua kwamba tunayo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini alama za kijani pekee si ushahidi kwamba uhamisho umefaulu?
2. Baiti 1,500,000,000 zimepita katika sekunde 300. Hiyo ni megabiti ngapi kwa sekunde? Na kama saa imehesabu sekunde 250?
3. Chuoni kwenu, mlinzi wa mtandao akizimika usiku, nani atajua, na kwa njia gani?

Swali la tatu msilijibu kwa kubahatisha. Nendeni mkawaulize wahusika.

Wabillahi tawfiq.