Chumvi Chunguni na Shinikizo la Damu

Mtu aliyeishi miaka mingi na kuona mengi husemwa kwamba amekula chumvi nyingi. Ni maneno ya heshima, wala hakuna sababu ya kuyaacha. Lakini mzee asifiwaye hivyo, ikiwa alikulia kijijini katika sehemu za bara, huenda kwa kweli alikula chumvi kidogo sana siku za ujana wake, kidogo kuliko mjukuu wake aliye mjini ambaye hajatimiza miaka 20. Tofauti hiyo baina ya babu na mjukuu imewashughulisha madaktari kwa muda mrefu, kwa sababu chumvi inayozidi haja ya mwili huleta shinikizo la damu, ambalo watu wengi huliita presha, na maradhi hayo huua.

Pwani chumvi haikuwa taabu kuipata. Hata leo, kaskazini ya Malindi, pande za Gongoni na Ngomeni, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yakakaushwa na jua hata chumvi ikabaki chini. Bara mambo yalikuwa mengine. Watu waliifuata chumvi mbali: Uvinza katika Tanganyika, Katwe na Kibiro katika Uganda, nao walioipata waliitumia kwa hesabu. Wengine walichoma mimea, wakachuja maji katika majivu yake na kuyatia maji hayo katika mboga. Abaluhya huuita munyu, na nyumba nyingi za magharibi ya Kenya bado huupenda kwa kulainisha mboga za kienyeji. Munyu wa namna hiyo si sawa na chumvi ya dukani, maana majivu ya mimea kwa kawaida yana potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Jambo hilo laonekana dogo, lakini litarudi mbele.

Kazi ya chumvi mwilini

Chumvi ya kula ni vitu viwili vilivyoungana, sodiamu na klorini. Sodiamu ndiyo yenye shauri kubwa. Bila hiyo misuli haifanyi kazi wala mishipa ya fahamu haipeleki habari, na mtu atokaye jasho jingi au anayeharisha huipoteza. Mtoto anayeharisha hupewa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na maji hayo yameokoa maisha ya watoto wasiohesabika. Basi chumvi si sumu, bali ubaya wake uko katika kuzidi.

Figo ndizo zinazopima sodiamu ya mwili na kuitoa ile isiyotakiwa kwa njia ya mkojo. Mtu akila chumvi nyingi huona kiu, hunywa maji, na sodiamu huyazuia maji hayo yasitoke upesi. Damu huongezeka ndani ya mishipa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Aliyepata kumwagilia bustani kwa mpira ameliona jambo hili: bomba likifunguliwa mno, mpira hukakamaa, na pale palipochakaa ndipo unapopasuka. Figo zenye afya huweza kuiondoa chumvi ya karamu moja bila shida. Lakini kwa yule anayezidisha kila siku, mwaka baada ya mwaka, mishipa huwa migumu, figo zenyewe huchoka, na shinikizo halishuki tena hata akipumzika.

Lililo baya zaidi ni kwamba shinikizo la damu haliumi. Malaria humlaza mtu, jino humkesha, lakini mwenye shinikizo hulima shamba lake, huendesha gari na kwenda sokoni kama watu wengine. Kwa hesabu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, watu wazima wenye maradhi haya, wa umri wa miaka 30 hadi 79, walikuwa kama milioni 1,280 duniani pote, na karibu nusu yao hawakujua kwamba wanayo. Siku ile mshipa wa ubongo unapoziba au kupasuka, mdomo hupinda, mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, na maneno hayatoki. Hicho ndicho kiharusi. Katika vijiji vingi bado husemwa kwamba mgonjwa amerogwa au amepigwa na jini, na saa zinazopotea kwa kumtafuta wa kulaumiwa ndizo saa ambazo angefikishwa hospitali na pengine kuokolewa. Shinikizo hilohilo hutanua moyo hata ukashindwa na kazi, huharibu figo, na hupunguza nuru ya macho. Chumvi nyingi imeonekana pia kuwa na uhusiano na saratani ya tumbo.

Yaliyoonekana Nyanza na Nairobi

Huenda msomaji akauliza kama maradhi haya si ya uzee tu, ambayo kila mtu hufikiwa nayo kwa wakati wake. Jibu zuri la swali hilo limetoka Kenya yenyewe.

Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi magharibi ya Kenya, aliandika habari za wanaume wapatao 1,000 wenye afya aliowapima shinikizo la damu. Alikuta kwamba vijana walikuwa sawa na Wazungu wa umri wao, lakini baada ya miaka 40, wakati ambapo shinikizo la Wazungu huzidi kupanda, la watu hawa halikupanda, bali lilielekea kushuka. Tena, miongoni mwa wagonjwa karibu 1,800 waliolazwa katika hospitali yake kwa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye maradhi ya shinikizo.

Mwaka 1988 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa mahali 52 katika nchi 32, juu ya watu zaidi ya 10,000. Hawakuulizwa tu wanakula chumvi kiasi gani, maana katika jambo hilo watu husahau. Mkojo wao wa saa 24 ulikusanywa na kupimwa, kwa kuwa chumvi iliyoliwa hutoka humo kwa sehemu kubwa. Mahali pane palionekana kuwa na watu wanaokula chumvi kidogo mno: pawili katika Brazil, pamoja katika Papua New Guinea, na pa nne katika Kenya. Kote huko shinikizo la damu lilikuwa la chini, na halikupanda sana kwa umri.

Ushahidi wenye maana kubwa zaidi kwa msomaji wa Kenya ulitolewa mwaka 1990. Madaktari waliwafuata Wajaluo zaidi ya 300, vijana wa kike na wa kiume wa miaka 15 hadi 34, waliotoka vijiji vya kando ya Ziwa Victoria kwenda kukaa Nairobi. Wenzao waliobaki vijijini walipimwa pia ili kulinganisha. Watu hao walikuwa wa kabila moja na wa vijiji vilevile, na hapakuwa na mzee kati yao. Hata hivyo haukupita muda mrefu, miezi michache ya mwanzo tu, shinikizo la damu la waliohamia mjini lilikuwa limekwisha kupanda kuliko la wale wa nyumbani. Mkojo wao ulionyesha sodiamu zaidi na potasiamu pungufu. Madaktari wale hawakuitupia chumvi peke yake lawama yote, kwa kuwa maisha ya mji hubadili mengi. Lakini chakula cha shambani, chenye mboga, ndizi, maharage na viazi vitamu, kina potasiamu nyingi, nayo huzisaidia figo kuitoa sodiamu. Kijana wa mjini alikuwa amepoteza msaada huo wakati uleule alipoongeza mzigo.

Tangu hapo tofauti ya mji na kijiji imepungua, kwa kuwa vitu vya mji vimefika kijijini. Duka dogo la njia panda huuza krispi, mkate, na unga na vidonge vya kukoleza mchuzi, kama lile la Nairobi.

Kupima bila mizani

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Watoto hutakiwa kula pungufu ya hapo, na chakula cha mtoto asiyetimiza mwaka hakitakiwi kutiwa chumvi kabisa. Kwa wastani watu duniani hula karibu mara mbili ya kipimo hicho.

Mama wa nyumba hana haja ya mizani. Na aandike tarehe juu ya pakiti siku anapoifungua. Nyumba ya watu wazima watano, kila mmoja akila gramu 5, yapaswa kukaa na pakiti ya kilo moja siku 40. Ikiisha kwa siku 20, basi kila mmoja amekula gramu 10, isipokuwa kama chumvi nyingine ilimwagwa pamoja na maji ya kuchemshia. Na hiyo ni chumvi ya jikoni peke yake.

Iko na nyingine isiyoonekana. Mkate una chumvi ingawa hauna ladha ya chumvi, kadhalika soseji na nyama za makopo. Vidonge vya mchuzi ni chumvi kwa sehemu kubwa, na mpishi anayevitia kisha akaongeza chumvi kama desturi ametia mara mbili. Magadi yanayotiwa katika maharage na mboga yana sodiamu pia. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi yafaa walowekwe na maji yale yamwagwe kabla ya kupika. Na katika nyama choma, mara nyingi huwekwa kilima cha chumvi pembeni ya ubao, kila kipande kikachovywa humo. Huenda mtu akamaliza chumvi ya siku nzima kabla hajauonja ugali. Penye maandishi juu ya pakiti, kiasi cha sodiamu kikizidishwa kwa mbili na nusu ndicho kiasi cha chumvi.

Anayepunguza asifanye kwa ghafula, kwa maana jamaa watakataa chakula na mpishi atakata tamaa. Ulimi huzoea: chumvi ikipunguzwa kidogo kidogo, baada ya majuma machache mchuzi uleule wa zamani huonekana mkali. Ndimu, nyanya, vitunguu saumu, tangawizi, dania na pilipili huziba pengo vizuri. Chombo cha chumvi kiondolewe mezani, kwa kuwa wengi hunyunyiza kabla ya kuonja.

Chumvi itakayobaki iwe ile ya dukani iliyotiwa iodini, kama sheria ya Kenya inavyotaka, kwa kuwa iodini huzuia rovu na huwalinda watoto walio tumboni. Chumvi ya mawe au ya rangi ya waridi, ingawa huuzwa ghali, ina sodiamu kama nyingine. Iko chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Katika uchunguzi wa vijiji 600 vya China, uliotangazwa mwaka 2021, chumvi hiyo ilipunguza viharusi kwa 14 katika kila 100. Lakini mwenye maradhi ya figo asiitumie bila kumwuliza daktari, kwa sababu figo zilizoharibika hushindwa kuitoa potasiamu, nayo ikizidi huweza kuusimamisha moyo.

Kupimwa shinikizo ni kazi ya dakika chache, na kila mtu mzima apaswa kupimwa hata akijiona mzima. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini 90, na ikarudia hivyo siku nyingine, hayo ni maradhi yanayotaka matibabu. Aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa amepunguza chumvi au kwa kuwa hasikii maumivu. Huenda chumvi ikipungua dawa nayo ikapunguzwa, lakini hilo litaamuliwa na daktari baada ya kumpima.