SOMO LA ULANZI, KIMPUMU NA WANZUKI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Suala. Mtu wa pwani aendaye Iringa au Mbeya kwa biashara au kazi hakuti huko tembo la mnazi. Hukuta vinywaji asivyovijua hata kwa majina. Je, navyo vina hukumu ya tembo?

Jawabu. Kwanza yatupasa kuvijua vitu vyenyewe. Ulanzi wa Iringa ni maji ya mwanzi. Wakati wa mvua mwanzi mchanga hukatwa ncha, ukafungiwa chombo kiitwacho mbeta, nacho ni cha mwanzi vilevile. Na asubuhi na jioni hukatwa tena kidogo ili maji yazidi kutoka, kama mgema afanyavyo juu ya mnazi. Yakitoka ni matamu, huitwa mtogwa. Yakikaa huchacha, yakatoa povu, yakawa makali. Kimpumu cha Mbeya ni cha ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukaachwa uchache; kisha hutiwa maji ya moto, kikanywewa kwa mrija. Wanzuki ni asali iliyotiwa maji, ikaachwa ichache.

Sababu ya vitatu hivi ni moja. Hamira ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Hula utamu, na mahali pake huacha ulevi na hewa. Hewa ile ndiyo povu. Basi kila utamu upunguavyo, ulevi huzidi.

Wala asiseme mtu kwamba vinywaji hivi havikutajwa katika dini. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipopelekwa Yemen, alimweleza Mtume (s.a.w.) vinywaji viwili vya watu wa huko: al-bit'u, ambacho ni cha asali, na al-mizru, ambacho ni cha nafaka. Mtume akamjibu kwa kanuni moja, ya kwamba kila kileweshacho ni haramu. Basi al-bit'u ndiyo wanzuki, na al-mizru ni nduguye kimpumu. Na ambacho kingi chake hulewesha, hata funda moja lake ni haramu. Na katika madhehebu yetu ya Shafi'i ni najisi pia, nguo na chombo huoshwa.

Ama mtogwa ambao haujachacha ni halali, kama tembo tamu lililogemwa sasa hivi. Mtume mwenyewe alikuwa akirowekewa tende au zabibu, akanywa maji yake, na zikipita siku tatu hayanywi tena. Lakini jihadhari, ndugu yangu: siku tatu si kipimo cha ulanzi. Mbeta iliyotumika jana ina hamira ya jana, na maji yaliyodondoka usiku kucha huenda asubuhi yamekwisha kuanza kuchacha. Kwa sababu hii Mtume hapo kwanza alikataza kurowekea katika vibuyu na magogo ya mtende yaliyochimbwa, maana humo hugeuka upesi bila ya mtu kutambua. Kisha akaruhusu vyombo vyote, kwa sharti kisinywewe kileweshacho. Basi ukiona povu au ukali, acha. Na ukiwa na shaka, kuacha ndiyo salama.

Na mwenye kuuza asali, akijua hakika kwamba mnunuzi ataifanya wanzuki, haifai kumwuzia.

Mwisho, mzee wa huko akikukaribisha kibuyu, usikunje uso wala usimtukane; kwake yeye huo ndio ukarimu. Mwamkie kwa "Kamwene" yao, kisha sema: "Ahsante, baba, dini yangu hainiruhusu, nipatie maji." Atakupa, na heshima yako itabaki, na dini yako itabaki.

Wallahu aalam.