Njia Zikifungwa, Salamu Peke Yake Haitoshi



Katika somo la leo tutajifunza jinsi ya kutunza afya ya jamaa zetu walio mbali, wakati njia zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukiza.

Yaliyotokea mwaka 2020

Tarehe 13 Machi 2020, Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Shule zilifungwa. Kuanzia tarehe 27 Machi, watu walikatazwa kutembea nje kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili zilifungwa njia za kuingia na kutoka Nairobi. Tarehe 8 Aprili zikafungwa za Mombasa, Kwale na Kilifi. Njia za Nairobi na Mombasa zilifunguliwa tarehe 7 Julai. Hiyo ni miezi mitatu.

Katika miezi hiyo, mtu anayefanya kazi mjini hakuweza kupanda gari kwenda kumwona mama yake kijijini. Hata mazishini waliruhusiwa watu 15 tu.

Kwa nini njia zilifungwa?

Korona huenea kwa pumzi, kwa kukohoa na kwa kupiga chafya. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa huo bila kuona dalili yoyote. Anasafiri akiwa na nguvu zake, kumbe amebeba ugonjwa. Wanaoumia zaidi ni wazee, na watu wenye ugonjwa wa sukari, presha au moyo. Kwa hiyo mtoto aliyebaki mjini alikuwa anamkinga mama yake.

Lakini kukaa mbali kuna hatari yake pia. Mzee aliye peke yake anaweza kuishiwa na dawa. Anaweza kuacha kupika, kwa sababu hana wa kula naye. Anaweza kuugua akanyamaza.

Kila mtu hujibu "sijambo"

Sisi tumelelewa kwa adabu. Ukiulizwa "Hujambo?" unajibu "Sijambo", hata kama usiku kucha hukulala kwa maumivu. Ukiulizwa habari ya nyumbani unajibu "Nzuri". Hiyo ni desturi njema, lakini haionyeshi hali ya mgonjwa. Mtoto husikia "nzuri", akakata simu, akalala usingizi. Kumbe mama amemaliza vidonge vya presha tangu juzi.

Kwa hiyo, baada ya salamu, uliza maswali ambayo hayajibiwi kwa "sijambo". Uliza hivi:

1. Leo umekula nini?
2. Vidonge vimebaki vingapi?
3. Leo nani amekuja kukuona?
4. Usiku umelala saa ngapi?
5. Maji na kuni nani anakuletea?

Maswali haya yanataka hesabu, au jina la mtu, au jina la chakula. Hapo ukweli hutoka wenyewe.

Na wewe uliye kijijini

Watoto wako wakipiga simu, waambie kweli. Usiseme, "Sitaki kuwatia wasiwasi." Mtoto asiyejua shida yako hawezi kukusaidia. Kusema "mguu wangu umevimba" si kulalamika. Ni kutoa habari.

Sasa unajua kusoma na kuandika. Huhitaji tena kumwomba mtoto wa jirani akuandikie habari za ugonjwa wako. Andika ujumbe mfupi wa simu wewe mwenyewe. Siri yako itabaki yako. Mfano:

"Vidonge vimebaki 6. Nameza 1 kila siku. Nimekula ugali na sukuma. Mguu umevimba. Nipigie leo."

Ujumbe huu ni mfupi, lakini mtoto ameelewa yote. Anajua ana siku sita za kutafuta dawa.

Mambo ya kutayarisha mapema

1. *Namba za simu.* Ziandike katika daftari, si katika simu peke yake. Simu ikizima au ikipotea, daftari lipo. Andika pia namba ya mhudumu wa afya wa kijiji, ya zahanati na ya chifu.

2. *Siku na saa ya kuzungumza.* Kwa mfano, kila Jumatano na Jumapili saa mbili usiku. Siku hizo simu iwe na chaji. Saa ikipita bila simu, kila mmoja ajue kwamba kuna jambo la kuulizia.

3. *Jirani mmoja.* Chagueni jirani wa kumwita mzee kila asubuhi. Asimame nje, mbali kidogo na mlango, avae barakoa, aite mpaka ajibiwe. Mtoto aliye mjini awe na namba ya jirani huyo.

4. *Dawa.* Vidonge vikibaki vya siku kumi, anza kutafuta vingine. Usiache dawa ya presha kwa sababu unajisikia vizuri. Ni dawa ndiyo inayokufanya ujisikie vizuri.

5. *Pesa.* Afadhali kidogo kila wiki kuliko nyingi mara moja. Anayetumiwa pesa asimpe mtu yeyote namba yake ya siri.

6. *Habari za uongo.* Wakati wa korona watu wengi walitumiana dawa za uongo kwa simu. Ukiletewa habari ya dawa, muulize kwanza mhudumu wa afya. Usiipeleke kwa mwingine kabla hujauliza.

Usingoje njia zifunguliwe

Tafuta msaada mara moja ikiwa mgonjwa anapumua kwa shida, ana maumivu makali ya kifua, amechanganyikiwa, mdomo umepinda upande mmoja, au mkono umekosa nguvu ghafla. Mpigie simu mhudumu wa afya au chifu, saa yoyote, ili mgonjwa afikishwe hospitali.

Njia za korona zilifunguliwa zamani. Lakini mafuriko pia hukata njia, na ugonjwa mwingine unaweza kuja. Zungumzeni mambo haya leo, mkiwa mmekaa pamoja.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini jibu la "sijambo" halitoshi?
2. Katika kijiji chetu, ni wazee gani wanaoishi peke yao? Nani atawaita asubuhi?
3. Andika ujumbe mfupi kwa jamaa yako aliye mbali. Mweleze chakula ulichokula, dawa zilizobaki, na hali yako ya kweli.