Ukiwa na mafua, mkinge paka wa depo

Hapa Kalengera paka ndiye mlinzi wa mahindi na maharagwe yetu. Lakini virusi vya mtu vinaweza kumfikia. Mwezi wa 3, 2020, Ubelgiji ilitangaza paka mwenye korona. Aliyeanza kuugua ni mwenye paka. Mwezi huohuo, mbuga ya Virunga, jirani yetu, ilifungwa kwa watalii ili gorila wasiambukizwe.

Basi mtu akiwa na homa na kikohozi nyumbani:

1. Asimbebe paka, asilale naye, asimpe mabaki ya sahani yake.
2. Mzima amlishe na kumwangalia: anakohoa? anapumua kwa shida? amekataa chakula?
3. Tuandike tarehe, tumwambie veterinere.

Tusimfukuze. Paka wengi wanapona, panya hawangoji.